Daftari la Hasira na Ufunguo wa Kabati

Habari za msiba zilinikuta juzi soko la Kasingirima nikipimiwa dagaa. "Yule nesi mliyekuwa naye kambini amefariki," muuzaji aliniambia. "Wanazika leo Katubuka." Niliacha dagaa kwenye mizani nikaondoka. Wasomaji wangu mmenizoea nikiwasema wengine. Leo najisema mwenyewe.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka kwa mitumbwi Kagunga, yeye alikuwa nesi wa kipindupindu kambini, mimi karani wa zahanati. Kila mgonjwa aliandikwa: kachota maji wapi, analala na nani hema moja. Kipindupindu kikatulia, mapanga yakaanza. Watu walikatana bombani na kwenye foleni ya mahindi. Basi nesi akaufuata ugomvi kwa utaratibu ule ule wa kipindupindu. Akishona jeraha, anauliza taratibu nani nyumbani ana hasira zaidi, anaandika kwenye daftari, na siku hiyo hiyo anakwenda kwa huyo mwenye hasira. Nesi alimwahidi kila mmoja kwamba jina lake halitatoka zahanati. Siku moja nilimsindikiza kwa mzee mmoja Mrundi ambaye mdogo wake alikatwa mkono. Tulimkuta mlangoni, panga magotini. "Amahoro," nesi akamsalimu kwa Kirundi, "nimekuja kukupima presha." Akampima. "Iko juu. Siondoki mpaka ishuke." Akakaa, akamuuliza habari za ng'ombe aliowaacha kwao, mmoja mmoja kwa rangi yake. Jua lilipopinda, mzee akamsogezea panga mwenyewe. "Muganga, chukua. Linanisumbua."

Kisha mkubwa mmoja wa kambi akaniita. Alitaka daftari kwa siku moja, ajue watu wanagombania wapi ili aongeze mabomba. Nilimwamini, na nakiri nilifurahi kuitwa ofisini kwake. Nesi alikuwa Kagunga kupokea wageni wapya. Nilifungua kabati alimolifungia daftari, nikampelekea, kesho yake nikalirudisha. Bomba halikuongezwa hata moja. Walikuja askari na orodha ya majina, wakachukua wanaume hema kwa hema, na yule mzee wa presha wakamchukua, mtu ambaye hakumgusa yeyote. Nilipomfuata mkubwa alinijibu bila kuinua macho, "Lile lilikuwa suala la usalama. Hukuuliza." Mpaka leo sijamsamehe. Mzee, akipandishwa gari, alimwambia nesi maneno machache tu: "Nilikupa panga, ukanipa askari."

Tangu siku hiyo kila aliyeletwa na jeraha alisema ameanguka. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, mtu akauawa bombani, na nesi, aliyezoea kuwahi kabla damu haijamwagika, akapata habari pamoja na sisi wengine. Jioni ile aliniambia, "Kosa ni langu. Nadhani sikufunga kabati." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimpa pole.

Juzi makaburini waliniomba nimzungumzie marehemu, kwa kuwa tulifanya kazi pamoja. Nikasifu upole wake, nikasifu mikono yake, nikaketi. Daftari sikulitaja. Vijana wanaopita sasa Ujiji wakizuia ugomvi kwa njia kama yake huniuliza waanzie wapi. Waanzie hapa: anayekuambia hasira yake ni mgonjwa wako, na siri yake haitolewi hata akiiomba mkubwa yeyote. Na wewe, dada yangu nesi, kabati ulilifunga. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mimi.