Mapendano Inafungwa kwa Sababu ya Nani?

Assumani Lukumani alishona nguo maisha yake yote pale Kabondo, lakini jioni zake zilikuwa za mpira. Ndiye aliyeanzisha Mapendano, timu ya wasichana ya mtaa, wakati wazazi wengi walisema mpira unaharibu mabinti. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba, akifuatana na mkewe Nuru. Jezi za kwanza alizishona mwenyewe. Wasichana wakamwita Papa Coach, na baadhi yao walipoolewa, aliketi katika safu ya wazazi.

Msimu huu Mapendano ilianza kufungwa. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakagawanyika. Vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walisimama kando ya kiwanja wakibishana hadi wateja wakawapita.

"Coach amezeeka," walisema hawa.

"Hapana, ni wachezaji. Miguu yao iko mizito," wakajibu wale.

Assumani aliwasikia. Kila jioni alibadilisha mpango, leo akimrudisha mshambuliaji nyuma, kesho akimpeleka beki mbele, na Jumapili ikifika wanafungwa tena.

Siku walipofungwa manne, Hubert, rais wa timu, aliita mkutano katika darasa moja la shule ya msingi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kuulizwa maswali sokoni. Wachezaji walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao.

"Bon," Hubert akasema, "leo tuseme ukweli. Shida iko kwa coach ama iko kwenu?"

Assumani alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Mwishowe akasimama Nyota, kipa na kapiteni wao.

"Ni siye, Président. Hatukimbie. Coach anatufundisha muzuri, siye ndio hatusikie."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, na Hubert akawaomba wajikaze, akafunga mkutano.

Assumani alitoka pale na moyo mzito. Alijua wasichana wake wanakimbia. Kila mchezo ulipokwisha alisikia wanavyohema. Njiani akakumbuka jambo. Katika ule mchezo wa mabao manne alimpigia kelele Chimène arudi nyuma, na sauti iliyoitikia ilikuwa ya Benie. Chimène alikuwa benchi, nyuma yake tu. Hakuna aliyecheka, naye akadhani ni adabu.

Alimkuta Nuru uani akitwanga ndizi zilizochemshwa ili afinyange mabonge ya lituma.

"Nuru, mi naona muzuri?"

Nuru akaacha kutwanga. "Tangu mwaka jana ni miye natia uzi mu sindano yako. Ulifikiri ni juu ya nini?"

"Nilifikiri ni mapendo."

"Ni mapendo," Nuru akasema. "Lakini ni macho pia."

Kesho yake akavuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, anakokaa Nyota na mama yake. Nyota alikuwa akifua. Akafuta mikono, akamtolea kiti kivulini.

"Mwanangu," Assumani akasema, "ule upande mwingine wa kiwanja mi sione mutu. Naona rangi tu. Mulijua?"

"Tulijua wote, Papa."

"Basi juu ya nini hamukuniambia?"

"Tuliogopa watakutosha mu timu, watie mwingine." Nyota alitazama beseni. "Donc ukisema kitu chenye hakiwezekane, kila mutu anafanya yake. Benie anaenda huku, Chimène anaenda kule. Mi napiga kelele nyuma, hawanisikie. Ndio magoli yanaingia."

Assumani alitaka kukasirika, akashindwa. Kocha hakuona, na wachezaji, kwa kumpenda, walimficha hadi timu ikapotea njia.

"Umesema uongo mbele ya Président juu ya kunilinda," akamwambia polepole.

"Papa yangu alikufukuza kwenye hii mulango," Nyota akajibu, "na ukarudi tena kuniombea nicheze."

Mama yake Nyota akaleta chai, wakanywa watatu.

Wiki hiyohiyo Assumani alimwendea Hubert akamweleza yote. Akaomba timu apewe Claudine, mmoja wa wachezaji wake wa kwanza, ambaye sasa ni mwalimu. Hubert akasema angalau wamfanyie karamu ya kumuaga.

"Ya kuniaga namna gani? Mi siende nafasi yoyote," Assumani akasema. "Nitafundisha kipa. Kipa namuona, iko karibu."

Claudine alianza kwa kufungwa, moja bila. Akapata sare, akashinda, akafungwa tena. Mapendano ilimaliza msimu karibu na mkia, lakini haikushuka daraja. Ubishi wa vijana wa toleka ukahamia kwenye timu nyingine.

Hospitalini walimwambia Assumani ni mtoto wa jicho, wakampasua jicho moja. La pili linangoja. Siku aliyotolewa bendeji hakwenda nyumbani. Alipanda toleka, Nuru akafuata kwa nyingine, hadi kiwanjani. Wasichana walikuwa wamejipanga kuanza mazoezi na Claudine ana filimbi mdomoni.

"Ngojeni kidogo," Assumani akasema.

Akapita mbele yao taratibu, akisimama kwa kila mmoja. Alipofika kwa Nyota akamtazama muda mrefu, hata msichana akaona haya.

"Iko nini, Papa?"

"Umekuwa mukubwa," akasema. "Unafanana mama yako kabisa, na mi sikujua."

Claudine alishusha filimbi akamwacha amalize. Mazoezi yalichelewa kuanza jioni ile, na hakuna aliyeharakisha.