Asubuhi Niliyotangulia Kusema

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule kisiwani Idjwi ambayo hata leo, nikiketi dirishani hapa Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, na kulitazama ziwa, inanijia bila kuitwa. Umeniambia umepewa kazi yako ya kwanza ya kusimamia ujenzi majini, na nimefurahi mno. Basi kaa kidogo, nimalize chai yangu, nikueleze jinsi nilivyoharibu ya kwangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya kupitia kijiji cha Miti ikifunguliwa leo, kesho imefungwa, kwa hiyo ziwa ndilo lililobaki njia yetu. Ofisi yetu ya Bukavu ilinituma kisiwani nijenge gati. Akina mama wa pale walikuwa wakiingia majini hadi kifuani, mizigo kichwani, ili wazifikie mashua. Wagonjwa walibebwa mabegani. Mimi nilikuwa msichana mwenye diploma mpya na maneno mengi. Nikapewa na kapita, yaani msimamizi wa mafundi, mzee wa kisiwani aliyeitwa Papa Nestori.

Papa Nestori alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika koleo, wote tuliketi juu ya mawe. Wabeba mawe walianza kusema walichokiona majini, wakafuata waashi, kisha yeye. Mimi, mhandisi mzima, nilikuwa wa mwisho! Nilitazama saa yangu na kujiuliza ni lini watu hawa wataacha kunisimulia mawimbi.

Siku hiyo saruji ilikuwa imefika baada ya majuma mengi ya kungoja, na kulikuwa na uvumi kwamba askari wanachukua mashua pamoja na vilivyomo. Niliogopa. Kabla watu hawajaketi sawasawa, nilisimama nikasema, "Leo tunamwanga beto yote. Twende!"

Papa Nestori alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Dada mmoja, Faida, ambaye kazi yake ilikuwa kuteremsha kamba yenye jiwe ili kupima kina cha maji, alikuwa ameinua mkono. Nilimwona, mwanangu, sitakudanganya. Nikampita.

Tulimwaga hiyo beto, yaani zege, hadi jua la utosi. Kasha la mbao tulilolisimamisha majini juu ya mawe ya msingi lilipojaa, likaanza kuinama upande wa kilindini, polepole, bila kelele. Tukaruka kando. Zege, mbao na mawe ya msingi, vyote viliteleza vikazama, na maji yakageuka kijivu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini saruji yote ilikwenda.

Faida alikuwa analia. "Nilipima asubui, maman. Kamba ilizidi mafundo mbili. Mawe ya chini yalitembea."

"Sasa juu ya nini haukusema?" nikamfokea.

"Wee ulikuwa umesha sema."

Nililitazama lile ziwa nikatamani linifunike.

Jioni Papa Nestori alikuja akaketi karibu nami ufukweni. Siku zote aliniita Ingénieur, yaani mhandisi. Siku hiyo hakuniita hivyo.

"Mutoto yangu, beto iko inapotea, tutaomba ingine. Lakini ule dada ulimufunga kinywa. Na mimi pia nilinyamaza. Muzee muzima, nilikuogopa. Ile ndiyo iko inaniuma."

Nilitaka kumwomba msamaha. Maneno yalifika hapa kooni, kiburi kikayarudisha. Nikasema tu, "Tutaongea kesho, Papa."

Kesho yake mashua ya ofisi ilikuja kunirudisha Bukavu kwa sababu mapigano yalikuwa yamekaribia. Saruji nyingine haikupatikana. Vita vilipotulia, nilivuka kwenda kumtafuta. Wakaniambia Papa Nestori aliondoka kisiwani kuwatafuta wanawe, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Pale ufukweni akina mama walikuwa bado wanaingia majini hadi kifuani, na mimi nilisimama nawatazama.

Nimejenga magati mengine baadaye, na yamesimama. Hayakuniondolea hamu ya yule mzee. Natamani kumwona, mwanangu, hadi kifua kinauma. Natamani asubuhi moja tu, mawe yakiwa bado na umande, niketi kwa adabu nimsikie akiwauliza watu wake mmoja mmoja, nami nisiwe na haraka ya kwenda popote.

Basi shika haya. Ukiwa mkubwa wa kazi, sema mwisho. Muulize kwanza yule anayelipwa kidogo kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye ambaye mikono yake iko majini. Ukiona mkono umeinuliwa, simamisha kila kitu, hata kama saruji inalowa. Na ukimkosea mtu, mwombe radhi jioni ileile, ungali unamwona usoni. Mimi nilimwahidi mzee wa watu kesho wakati wa vita.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde juu ya maji na chini yake, akupe watu wasiokuogopa, na akuachie nao muda mrefu kuliko alioniachia mimi.