Mmarekani Aliyerukwa Katika Dua

Kila Alhamisi baada ya alasiri mama akiwaombea wazee wake waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Akifika kwa babu wa babu yake hunyamaza, kisha humruka. Nyumbani kwetu Al Khuwair, huku Uarabuni tulikohamia, sote tukijua kwa nini. Babu huyo alikuwa baharia wa Kimarekani. Aliugua Unguja, meli yake ikamwacha, akasilimu, akaoa kwetu. Lakini baadhi ya jamaa wakisema alisilimu kwa ajili ya mke tu, na asiyekufa Mwislamu haombewi dua. Siwaiti waongo, nao walisikia kwa wazee wao.

"Nnaogopa kumuombea, na nnaogopa kumuacha," mama akiniambia.

Miaka ya tisini nilijitwika kazi ya kumtafuta. Mimi elimu yangu ndogo, na sijui kama nilifaa kazi hiyo. Tulipopata mtandao nilimwomba kaka yangu, mtu wa wizarani, awatafute watu wake Marekani kwa jina la baba lililomo katika nasaba yetu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada weye! Jina hilo, maana yake mja wa Mungu, si la baba yake, kapewa msikitini. Kila anayesilimu, baba yake ndiye huyo. Utawapata wangapi?"

Jina la kwao hakuna aliyelijua. Nikaona njia imeziba.

Miaka baadaye, mama akiwa ameshaanza kudhoofika, tulikwenda Wadi Kabir kumtazama bibi mmoja wa ukoo aliyekaa juu ya gereji ya mwanawe. Nyundo zikigonga chini, naye akipaza sauti kuzishinda. Mama akamuuliza wazi: yule Mmarekani alikufa vipi?

"Bibi yangu alikuwepo, mtoto mdogo, mjukuu wake," akasema. "Kulikuwa na shemeji, kaka wa mke. Miaka yote hakumjibu Mmarekani salamu. Akimwita kafiri aliyevaa kanzu. Siku alokufa Mmarekani, wanaume wamesimama mlangoni wanatazamana, nani amuoshe. Akatoka ndani shemeji huyo huyo, mikono ya kanzu kaikunja. Kasema: nimekaa naye mpaka roho inatoka, shahada yake nimeisikia kwa masikio yangu. Leteni maji, nitamuosha mimi."

"Wallahi?" mama akauliza.

"Kama mie mwongo, kahawa nilokunywa nairudisha kikombeni!"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemdhania shemeji yule ana moyo mgumu, kumbe ndiye aliyekaa kando ya kitanda wakati wengine walipokuwa nje. Huenda bibi alitia chumvi, siwezi kuapa. Lakini nilimtazama mama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Alhamisi iliyofuata nilikaa nyuma yake kwenye msala. Majina yakapita. Akafika pale, akanyamaza, nami nikadhani atamruka tena. Akamtaja. Sauti ilimtetemeka, akamtaja mara ya pili, sawasawa.

Kisha akageuka, mikono bado juu.

"Na mama yake, huko kwao? Alipata kujua mwanawe kazikwa wapi?"

Mama akarudi kwenye dua yake, akamwombea tena mtoto wa yule mwanamke.