Paa Ambalo Baba Hakulipaka

Juzi nimetoka Unyambwa kwa mwanangu wa pili, nimerudi na kinyaa mpaka chakula hakipiti. Mvua ya mawe imempigia nyumba. Mabati yale ya msauzi, mekundu, ya kuringia, yametoboka kama chekeche. Dari la jipsamu limeanguka vipande vipande juu ya makochi, na zulia linanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Yeye kasimama uani anapiga picha kwa simu.

"Shikamoo mama. Umeona mvua ilivyotufanya?"

Nikamwambia marahaba, nimeona, ila nataka kujua dukani alichagua bati kwa unene au kwa rangi. Mke wake ndiye aliyejibu: "Kwa rangi, mama. Alisema itaonekana toka barabarani."

Wewe uliyekulia huku kwetu unalijua tembe, nyumba ya udongo ya wazee wetu, ila wajukuu zangu hawalijui, basi niseme. Sisi tulikaa upande wa Mtinko. Paa la tembe lilikuwa bapa kama meza: magogo, juu yake fito, halafu nyasi, halafu udongo. Kila mwaka kabla ya mvua tulilipaka upya kwa udongo wa kichuguu na samadi mbichi. Samadi nilikanda mimi, kwa miguu, ya moto kutoka zizini, inapanda mpaka magotini huku inzi wananiingia machoni. Nilichukia. Shuleni nilikaa peke yangu kwenye benchi kwa ile harufu. Bibi yangu mzaa baba hakunionea huruma. Alisema, "Paa halishibi. Usipolilisha litakula chakula chako."

Mawe ya mvua hayakulitoboa tembe. Udongo uliyapokea tu kama godoro. Shida ni kwamba paa bapa halimwagi kitu, mawe yanakaa pale pale, yanayeyuka polepole, na maji yanashuka ndani. Kwa hiyo mvua ikikatika tu, watoto juu, na mafagio. Mtu mzima haruhusiwi, ni mzito. Jembe haliruhusiwi, linakwangua udongo. Hilo kila mtu alilijua.

Mwaka mmoja baba alikataza paa lisipakwe. Jirani yetu alikuwa ameezeka bati, baba akaona haya. "Sipaki kinyesi juu ya nyumba ninayokwenda kuibomoa," alisema. "Tukivuna tu, bati." Bibi alimtazama kama sahani isiyooshwa. Ndani, chini ya paa lililokwisha kupata nyufa, ndipo kilipokaa kihenge cha mbegu, uwele wa kupanda shamba zima. Mbegu nyingine hatukuwa nayo.

Mawe yalikuja mchana, mvua ya kwanza kabisa, kabla hatujapanda. Kwanza kama karanga, kisha kama mayai ya njiwa. Kwa jirani bati lilipiga kelele, ng'ombe wakakimbia. Yalipokatika tukapanda paani watoto watatu, peku, barafu inauma nyayo kama moto. Jirani alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Fagieni vizuri," alisema, "hata mbinguni kuna vumbi."

Nadhani ni hilo lililompandisha baba hasira. Alichukua jembe akaja juu mwenyewe, sisi tunamwambia baba shuka, yeye anakwangua kama analima. Ufa ukapanuka. Mguu wake mmoja ukazama mpaka pajani.

Bibi alikuwa ndani. Aliuona mguu wa mwanawe ukining'inia darini, na barafu, na matope, na kiota cha panya na vitoto vyake vyekundu, vyote vinamwagikia kihengeni. Alivuta ngozi aliyolalia akaitandaza juu ya kihenge, akailalia, maji yakimpiga mgongoni. Baba alipong'oka akaingia ndani anachechemea, akasema ni mipango ya Mungu.

"Mungu kaleta mawe," bibi alimwambia, bila kuinuka. "Tundu umelileta wewe."

Nusu ya mbegu ilipona. Nusu nyingine siku ya tatu ilikuwa imepata joto, inanata vidoleni kama makamasi, inanuka kama tumbo la mnyama aliyepasuliwa. Tuliichambua punje kwa punje, natapika narudi. Shamba tulipanda nusu. Mavuno hayakufika mbali; mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ukatukuta na mboga ya mlenda, ugali kiasi cha ngumi. Baba hakusema samahani. Alikula kwanza, akashiba, kilichobaki ndicho tukagawana sisi na bibi. Samadi nimesamehe, na panya nimewasamehe. Hiyo sahani yake sijaisamehe, na yeye yuko kaburini miaka mingi.

Bati alikuja kupata baadaye. Bibi alikataa kulala chini yake, akahamia jikoni palipobaki na paa la udongo, na kila mwaka mimi na yeye tulilipaka. Alipokufa, matanga hayajaisha, baba akalibomoa.

Uwele ule wa masuke mafupi siuoni tena, siku hizi mbegu inakuja kwenye pakiti. Tembe la mwisho nililolijua upande wetu watu wanalifugia kuku. Mikono yangu bado inajua udongo upi unashika na upi utapasuka. Naukanda kwa macho tu nikipita kwenye vichuguu, kisha naendelea na safari.