Majeruhi wa Ghorofa ya Tatu

Pale kituo cha zimamoto walimwita Kindi, kwa jinsi alivyokuwa akipanda ngazi zamani. Jina likabaki, kupanda kukaisha. Moshi wa ghala la magodoro lililoungua ulimkaa kifuani miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yake ni kuosha magari, kukunja mipira ya maji, na kulishona sanamu la mchanga la mazoezi ya kuokoa watu kila linapopasuka.

Binti yake wa miaka saba hakuambiwa. Yeye aliamini baba bado anapanda. Kila jioni, wakirudi kwao ghorofa ya tatu, Kindi alisimama katikati ya ngazi, akainama kufunga kamba za viatu ambazo wala hazikufunguka, mpaka pumzi irudi. Mkewe alijua. Alitangulia na kapu lake, hageuki.

Basi ikafika siku ya kituo kufungulia watu lango. Watoto walipandishwa kwenye magari mekundu, wakapiga king'ora mpaka masikio yakaziba. Binti alikuwa ameshalitangazia darasa zima: leo mtamwona baba yangu.

Kindi akamfuata mkuu wa kituo nyuma ya gari la ngazi.

"Mkuu, nipandishe leo. Mara moja tu."

"Daktari alisemaje, Kindi?"

"Mwanangu yupo."

"Ndiyo maana sitaki uanguke mbele yake." Mkuu akajikuna shingo. "Na lile sanamu lako limepasuka tena, mchanga wote chini. Nitafutie mtu wa kuokolewa."

Kindi akamsogelea.

"Niwekeni mimi. Ila nifunikeni uso."

Dereva wa gari hilo, aliyekuwa akiwasikia, akaangua kicheko. "Tukufunike, tuonekane tumeopoa maiti? Tutakufunga bendeji, kaka, upendeze."

Wakamfunga bendeji kichwa kizima, wakamwachia pua na mdomo. Buti akavua, maana majeruhi wa kawaida havai buti za zimamoto. Wakampandisha mnara wa mazoezi kwa ngazi za ndani, polepole, akipumzika kila kona. Chini wakawasha majani makavu, kidogo tu, kama mkuu alivyoagiza. Moshi huo kidogo ulimtosha.

Machela ikateremshwa kwa kamba kutoka dirishani. Kipaza sauti kikapayuka: "Majeruhi wetu hawezi hata kutembea!" Kindi akakohoa. Akakohoa tena, mwili mzima ukitikisika juu ya machela, na watu wakapiga makofi.

"Jamani, huyu anajua kuigiza!" mama mmoja akasema.

Machela ilipogusa ardhi, Kindi alihisi kidole kidogo kisiginoni. Hakuona kitu, lakini alijua. Soksi ile mkewe aliitia kiraka kisiginoni jana kwa uzi wa kijani, na aliyetunga uzi kwenye sindano alikuwa binti yake.

"Mama, huyu ni Baba."

"Ni mchezo tu, mwanangu. Njoo huku."

"Wee!" Sauti ya mtoto mwingine, ya darasani. "Si ulisema baba yako ndiye anayeokoa? Mbona kabebwa kama gunia?"

Kindi akasubiri binti yake ajibu, maana si mtoto wa kukosa jibu. Akasubiri. Kidole kikatoka kisiginoni.

Wakashika njia ya kurudi nyumbani. Mkuu alikuwa amewagawia watoto kofia nyekundu za plastiki. Ya binti ilikuwa ndani ya kapu, haijavaliwa.

Wakaanza kupanda ngazi za kwao. Kabla Kindi hajafika mahali pake pa kila siku, binti akachuchumaa mbele yake, akainamia miguu.

"Subiri, Baba. Nafunga kamba."

Alikuwa amevaa ndala.

Kindi akaegemea ukuta, kifua kikipiga mluzi. Juu yao kapu likatua kwenye ngazi, na leo mkewe akageuka. Mtoto akaendelea kuhangaika na ndala zake, taratibu, bila kuinua macho, mpaka mluzi ulipotulia.

"Tayari, Baba?"