Wimbo wa Mapacha Uliokatwa Mwisho

Sauti ya mama yangu ilifika kabla ya pikipiki. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba, mimi nikimnyonyesha mtoto, mama akiosha sombe, majani ya muhogo, kwenye beseni, na kutoka upande wa stesheni ikasikika besi nzito, kisha ngoma, kisha mama mwenyewe, akiimba Kiluba kwa sauti yake ya ujana, neno lile lile moja, tena na tena. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Mwendesha pikipiki, spika imening'inia kwenye usukani, alipunguza mwendo alipotukaribia, akasimama. "Mama, njo weye unaimbaka ile wimbo? Bantu banasema ni weye." Abiria wake akacheka. "Tuimbie hata kidogo, tusikie kama sauti ingali na nguvu." Mama aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikuwa nimevumilia sokoni, nimevumilia hata nje ya kanisa. Siku ile nilimpandisha mtoto begani, nikaing'oa spika kwa mkono uliobaki, nikaitumbukiza kwenye beseni la sombe. "Shuka uichukue," nikamwambia. "Na ile neno, nenda uiseme kwanza mbele ya mama yako." Aliichukua ikichuruzika maji, akaondoka bila kuniangalia.

Wimbo huo nauelewa kwa sababu niliuona ukiimbwa. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, mvua za kwanza zimeanza, udongo wa Kamina, mji wetu, unanuka ule unyevu wake wa joto, na mama alikuwa amejifungua mapacha, Kyungu na Kabange. Kwetu mapacha hawapokelewi kwa sauti ndogo. Wanawake walijaa uani na majani kichwani, nyuso zimepakwa udongo mweupe, pombe ya mahindi ikipita kutoka mkono hadi mkono, na wakaanza kutukana. Walimtukana baba yangu, mwili wake na mambo yake ya chumbani, kwa maneno ambayo siku nyingine yoyote yangeleta ugomvi mpaka mbele ya padri. Na aliyeyaongoza alikuwa mama, mama huyu wa kwaya ya parokia, amesimama mlangoni akiwajibu wenzake kwa matusi makubwa kuliko yao. Baba, mtu wa reli, mkali, asiyecheka hata na ndugu zake, alikaa kwenye kiti chake na udongo mweupe kwenye paji la uso, machozi ya kicheko yakimtoka. Mimi nilikuwa nikiwakodolea macho. Shangazi yangu alinibana sikio. "Usinitumbulie macho. Leo matusi ni baraka. Kesho nikikusikia unayarudia, nitakuchapa."

Kisha jua lilipoanza kushuka mama akapunguza sauti. Ngoma zikanyamaza, mikono tu ikabaki inapiga taratibu. Akaita jina la baba, akaita watoto, akaita jina lake mwenyewe, akanyunyiza maji mlangoni na kuimba kwamba yote yaliyosemwa yameishia hapo, yasimfuate mtu nje. Huko ndiko kuufunga wimbo. Kabla haujafungwa hakuna mwanamke aliyevuka lango la ua wetu, hata yule aliyekuwa na mtoto mgonjwa nyumbani.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Fiston, kijana wa familia ya wanajeshi wa kambini, wazazi wake watu wa mbali, Kiluba hawakijui, wao wala yeye. Mama yake alikuwa akifanya biashara na mama yangu, ndiyo maana walialikwa. Alishika simu juu ya vichwa vya watu akarekodi kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, kisha akatusikilizisha, tukacheka. Hakuna aliyemkataza. Simu ilikuwa kitu cha kuchekea, na sauti ilikuwa bado imo ndani ya ua.

Sasa Fiston ana kibanda sokoni, anaweka nyimbo kwenye simu za watu, na ametoa albamu. Msiniambie sijui muziki wa sasa. Naujua. Hip hop ya Lubumbashi naisikiliza albamu nzima, na rapa anayetaja gari lake katika kila wimbo huku tunamwona kwenye basi, namfuta. Nawapenda vijana wa gitaa wasio na kampuni nyuma yao, wanaojirekodi chumbani na kuimba polepole kana kwamba kuna mgonjwa nyumba ya pili. Muziki wa kompyuta naupenda pale mtu anapokuwa na subira, anapoacha sauti moja ikue kabla ya kuongeza nyingine. Wengi hawana, wanarundika tu. Fiston anayo. Wimbo wake wa kwanza ameujenga juu ya mlio wa mabehewa yakiunganishwa, na katika wa nne anarap Kiswahili chetu bila kujifanya mtu wa kwingine. Nilijivuna kwamba ni wa Kamina. Kisha ukaja wa tano, na humo ndani alikuwa mama yangu.

Nilimfuata kibandani. "Ya Fiston, kaka yangu, ile ya mwisho uliipeleka wapi? Pale mama anaita majina."

"Dada, pale ilikuwa polepole. Haichezeki."

"Papa yangu alikufa. Unajua alikufa?"

Alivua vifaa vyake vya masikioni. "Sikujua inamsema yeye. Nilisikia sauti tu, ilikuwa mzuri."

"Sasa unajua. Itoe."

"Iko mu ba telephone ya bantu, dada. Nitaitoa namna gani? Na watu wanamusifu mama. Ni artiste sasa."

Mama huyo anayesifiwa ameacha kwaya. Jumapili anasema mgongo unamuuma. Siku zile matusi yalikuwa na ua, na kulikuwa na mtu aliyesimama mlangoni kuyafunga kabla wageni hawajaenda kwao. Leo yanazunguka kwenye baa na kwenye pikipiki, yanarudi mwanzo kila yanapokaribia mwisho, juu ya mtu aliye kaburini asiyeweza kucheka tena. Na wale wanaocheza wanadhani wanacheza jambo la kale la heshima.

Nilikwenda ofisi ya mkuu wa kartie, yaani mtaa wetu, na mtoto mgongoni. Katibu alisikiliza akiangalia dirishani. "Matusi gani? Yaandike hapa. Ofisi haiwezi kumwita mtu kwa neno isilolijua."

"Papa Katibu, unalijua. Nilipoingia ulikuwa unalipigia mluzi."

Alinisogezea karatasi. Niliandika nimesimama, hivi:

"Mimi, mkazi wa kartie hii, ninamshtaki Fiston wa kibanda cha nyimbo sokoni kwa kutumia sauti ya mama yangu bila kumwomba, na kwa kuyaacha wazi matusi juu ya marehemu baba yangu. Maneno yenyewe siyaandiki, wala sitayatamka mbele ya ofisi, kwa kuwa humu hawajazaliwa mapacha. Ninaomba aitwe, na mama yangu awepo. Ninaomba aitoe sauti ya mama katika albamu yake na katika kila simu itakayopita mikononi mwake. Ngoma za kompyuta abaki nazo. Ni nzuri, na ni zake."