Mzigo Nilioupokea Njia ya Mbaha

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nakwambia: chai ya rangi, na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha hesabu miaka mingi hapa Mbinga, na wanaonifahamu wanajua kwamba sina subira na habari za mizimu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mwaka juzi, mchana kweupe, kwenye njia ya zamani inayoteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani Mbaha.

Mama yangu alikuwa Mnyasa, baba Mmatengo. Nilipokuwa mdogo, kabla barabara haijafika, kila baada ya mavuno tulikuwa tukishuka njia ile na maharage kichwani, kwenda kwa wajomba kubadilisha na usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Maharage yalishuka, usipa wakapanda. Nilipofika miaka sita safari zikakoma ghafla. Mama hakuwahi kuniambia kwa nini. Kila nilipouliza nilitumwa maji.

Mwaka juzi alikuwa amerudi kwao Mbaha, mgonjwa, kabaki mifupa na macho. Akanipigia kwa simu ya binamu yangu.

"Mwanangu, usije na gari. Pita mlimani. Uniangalizie kama lile jiwe la kutulia mizigo bado lipo."

Nilisikia katika sauti yake kwamba siku zimebaki chache, nikaogopa nisije nikachelewa kumpelekea jibu.

Bodaboda ikaniacha asubuhi pale barabara ya kijiji inapoishia. Jamani, ile njia! Nilipita kwenye mashamba ya ngolo, yale mashimo yetu yanayochimbwa mteremko mzima ili mvua isibebe udongo, nikikanyaga matuta ya katikati kama nilivyofundishwa utotoni, bila kuangusha hata bonge moja. Maharage yalikuwa yanaanza kukauka. Kahawa ikaisha, migomba ikaisha, zikaanza nyasi ndefu na miti ya porini. Kwenye kona moja ziwa likaonekana lote kule chini, buluu tupu, na milima ya Malawi ng'ambo. Nikakaa chini nikalia, sioni aibu kusema. Magoti yalikuwa yananilaumu, lakini niliwasikia kabisa akina mama wa zamani wakicheka mbele yangu, na mimi nyuma yao nikidai kubebwa. Wote wale wameshakwenda.

Saa sita hivi ukungu ukashuka. Ukungu wa kule haubishi hodi. Dakika moja unaona ziwa, dakika ya pili huoni kiatu chako.

Ndipo nilipomwona bibi mmoja mbele yangu, mgongo umepinda, kapu kichwani, anateremka taratibu. Nilifurahi kupata mwenzangu, niamini. Kwetu ukimkuta mkubwa wako njiani na mzigo, unaupokea. Huulizi una nini ndani. Unaamkia, unainamisha kichwa, unaubeba mpaka penye kutulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipokee, shingo imechoka."

Mimi mwanamke wa miaka sitini na kitu, ni nani tena wa kuniita mjukuu? Nikapokea kapu pamoja na ngata yake, nikajitwika. Bibi alinukia ugoro, kama bibi yangu mzaa baba, ambaye sura yake ilishanitoka, nakumbuka mikono tu. Niliambiwa kwamba aliugua akiwa ziwani na akazikwa huko huko.

Akatangulia, nikafuata.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Nyumbani. Mke wa mwanangu ametangulia. Alisema atanisubiri."

Tukaendelea. Mzigo ukazidi kuwa wa baridi, na maji yakaanza kunichuruzika shingoni. Nikajifuta kwa mkono, nikaunusa. Usipa.

Wewe uliyezoea kununua samaki sokoni huenda usione tatizo. Lakini muulize mtu yeyote wa milima ile: nani anateremsha samaki kuwapeleka ziwani? Nikatazama chini, njia haipo. Nikateleza kidogo, jiwe likatoka mguuni mwangu, nikalisikia likianguka muda mrefu kabla ya kutua. Tulikuwa ukingoni mwa korongo, na bibi bado anakwenda.

Nilitaka kutupa kapu nikimbie. Lakini utautupaje mzigo wa mkubwa wako? Mkono ulikataa. Nikasema:

"Bibi, nyumbani ni juu. Huku unarudi ziwani."

Akasimama. Hakugeuka.

"Ndiyo maana sifiki," akasema, taratibu tu.

Nikageuka mimi, nikapanda nikipapasa, nikisikia nyayo zake nyuma yangu. Haukupita muda nikaligonga jiwe kwa goti: jiwe pana, la usawa wa kiuno, limelainishwa na mizigo ya miaka yote ile. Tulikuwa tumelipita bila kuliona. Nikatua kapu juu yake, nikamwonyesha kwa mkono njia ya kupanda.

"Ahsante, mama. Sasa nitafika."

Ukungu ulipoachia, juu ya jiwe hapakuwa na kapu, na njiani hapakuwa na mtu. Ngata ilikuwa bado kichwani kwangu.

Niliingia kwa mama jua likielekea kuzama. Hata salamu hakuingoja.

"Lipo?"

"Lipo, mama."

Akaiona ngata mkononi mwangu, akaniomba. Ilikuwa ya majani makavu ya mgomba, imesokotwa mara mbili, ncha imechomekwa kwa ndani. Akaigeuzageuza.

"Ni bibi yako tu aliyesokota hivi."

Ndipo akanieleza. Safari ile ya mwisho, mimi nikiwa nimebaki nyumbani na homa, yeye na mama mkwe wake walikuwa wakirudi na usipa. Walikuwa wamegombana ziwani kwa sababu mama aliwapa kaka zake maharage mengi mno. Pale kwenye jiwe bibi akamwomba ampokee mzigo. Mama akamjibu, "Beba mwenyewe, nitakusubiri juu," akaondoka na hasira zake, wala hakusubiri. Ukungu ukashuka. Walimtafuta siku nyingi, hawakupata bibi wala kapu.

"Ulimpokea?" akaniuliza.

"Nilimpokea, mama."

"Ukautua wapi?"

"Pale pale kwenye jiwe. Nikamwonyesha juu."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka huku midomo ikitabasamu, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. "Basi," akasema. Siku ya tatu akafariki akiwa usingizini, ngata mkononi. Sikukubali waitoe.

Mpaka leo ukungu ukishuka hapa Mbinga, shingo yangu inapata baridi ya maji upande mmoja. Nawe ukipita milima ile, mpokee mkubwa wako mzigo, ila tazama kwanza ni mzigo gani na unaelekea wapi. Na kama mna ugomvi, mpokee hivyo hivyo. Mtagombana mkishafika nyumbani.